Dar hadi Kapiri Mposhi kwa TAZARA: tushuke wapi tupumzike?

Msafiri wa Kiwalani

Wakuu, shikamooni wakubwa, na rika langu habari za majukumu.

Tunatoka Dar kwenda Lusaka, watu watatu: mimi, mke wangu na mtoto wa kike wa miaka 8. Tumeamua twende kwa TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) mpaka Kapiri Mposhi, halafu basi hadi Lusaka. Kilomita 1,860 za reli kwa mkupuo mmoja naona zitamchosha mtoto (na mama yake kasema kabisa kwamba hakubali). Kwa hiyo tunataka kushuka mahali pamoja, tulale siku mbili, tuoge, tutembee kidogo, kisha tupande treni inayofuata.

Sehemu ninazozifikiria ni Mang'ula kwa ajili ya Udzungwa, Makambako, Mbeya, au tuvuke kwanza tukapumzike Kasama. Muda tunao, kama siku 10 hivi. Hela si nyingi ila si za kubanana sana.

Maswali:
Tushuke wapi na kwa nini?
Tiketi inakatwa moja tunaendelea nayo, au ni mbili?
Mpakani mambo yanakwendaje mtu akiwa ndani ya behewa?

Natanguliza shukrani.

---

Behewa la Sita

Mkuu, orodha yako nzuri ila umeanzia mwisho. Kwenye reli hii mji unauchagua baadaye. Cha kwanza ni pengo kati ya treni na treni.

Ratiba iliyozoeleka kwa miaka mingi ni treni mbili kwa wiki kutoka Dar. Ya kawaida, Kilimanjaro, huondoka Jumanne mchana. Ekspresi, Mukuba, huondoka Ijumaa alasiri. Sasa piga hesabu ukiwa Mbeya. Ukishuka na ya Jumanne, unafika Jumatano, na inayofuata inapita Jumamosi: umelala usiku 3. Ukishuka na ya Ijumaa, unafika Jumamosi, na inayofuata ni ya Jumatano: usiku 4. Hizo "siku mbili" unazozitaka hazipo kwenye ratiba. Na wiki ambayo inatembea treni moja tu, pengo linakuwa siku 7, hapo safari yako ya siku 10 imekwisha.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, nenda au piga simu stesheni uulize vitu viwili: treni za abiria zinatembea wiki hiyo, na ni siku zipi. Reli imeingia kwenye ukarabati mkubwa chini ya mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China ya CCECC, wa dola bilioni 1.4, na reli yenyewe ni ya njia moja. Kukiwa na kazi kwenye njia, hakuna pa kupitisha treni pembeni. Usitegemee ratiba iliyobandikwa mtandaoni miaka mitatu iliyopita.

Jambo la pili, ambalo ndilo litakalokuamulia: shuka pale ambapo reli na barabara kuu zinakutana. Treni inayofuata ikichelewa saa 14, au isipokuja kabisa, unataka basi liwe linapita mlangoni. Tazama ramani. Reli ikitoka Dar inaachana na barabara kuu ya Morogoro na Iringa. Inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, inapita Kisaki, inaingia bonde la Kilombero: Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mlimba. Baada ya hapo inapanda milima na kuibukia Makambako, ndipo inapoikuta tena barabara kuu ya Mbeya na Tunduma. Kuanzia Makambako hadi mpakani, reli na lami zinakwenda pamoja kama mtu na mdogo wake. Ukivuka mpaka na kuingia Nakonde, Zambia, zinaachana tena: barabara kuu ya kaskazini ya Zambia inapita Isoka na Chinsali, reli inazungukia Kasama, wanakutana Mpika.

Ukipima hivyo, Makambako na Mbeya zinapita mtihani. Mang'ula inapita nusu, maana ukikwama huko njia ya kutoka ni kurudi Mikumi kwanza ndipo utafute basi la Iringa na Mbeya. Mlimba hata usiiwaze: masika barabara yake ya kwenda Ifakara ni tope.

Kati ya Makambako na Mbeya, mwenye mtoto ashuke Mbeya. Makambako ni mji wa njia panda, pale inapoanzia barabara ya Songea. Una gesti nyingi, chakula kingi, baridi na upepo mkali, lakini usiku 3 utakuwa unahesabu malori.

---

Mpunga Mbichi

Behewa la Sita kasema kweli kuhusu barabara, ila Mang'ula asiipige teke haraka hivyo.

Hifadhi ya Milima ya Udzungwa (ya tangu 1992) haina barabara ndani, unatembea kwa miguu tu, na lango kuu liko Mang'ula penyewe. Huhitaji kukodi gari la utalii, na gari ndilo linalokula hela kwenye hifadhi nyingi nyingine. Maporomoko ya Sanje yana mita 170 yakianguka kwa ngazi tatu. Mtoto wa miaka 8 mwenye miguu mizuri anapanda, mradi muanze asubuhi na msiwe na haraka. Hesabu nusu siku. Kuna njia fupi pia za saa moja au mbili kwa asiyetaka mlima. Msitu huo una nyani aina ya mangabey wa Sanje ambaye hapatikani penginepo duniani zaidi ya Udzungwa, na mbega mwekundu wa Iringa. Viingilio vya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) hulipwa kwa kadi au namba ya malipo, kwa hiyo msiende na bunda la noti mkitegemea dirishani.

Shida zake ni hizi, nisimfiche mwenye swali:

Treni inafika usiku. Ya Jumanne ikienda kwa wakati inaingia bonde la Kilombero giza limeshaingia, na ekspresi ndiyo usiku mnene kabisa. Halafu ekspresi haisimami kila kituo kidogo. Kabla ya kukata tiketi ya Mang'ula uliza kwa jina la kituo: "Treni ya siku hii inasimama Mang'ula?" Wakikuambia haisimami, mnashuka Ifakara.

Ya pili ni mbu. Bonde liko chini, ni joto, ni mashamba ya mpunga na miwa, na taasisi kubwa ya utafiti wa malaria kuwepo Ifakara si bahati mbaya. Chandarua kiwe kizima, mtoto avae mikono mirefu kuanzia magharibi.

Ya tatu ni kupanda tena. Treni ya pili nayo itapita usiku, na ikichelewa mnakesha stesheni na mtoto. Hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Kama angekuwa anasafiri na mtu mzima mwenzake, ningemwambia Mang'ula bila kufikiri. Kwa mtoto, naungana na Mbeya. Udzungwa waende siku nyingine kwa basi la Ifakara, wala si mbali na Dar kihivyo.

---

Mtoto wa Uyole

Karibuni Mbeya. Niwape mambo yenyewe.

Stesheni ya TAZARA haiko mjini kati. Iko kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, kilomita chache kutoka katikati ya mji. Ukishuka utakuta bajaji, bodaboda na teksi wanasubiri treni. Elewaneni bei kabla begi halijapanda. Mna uchaguzi wa kulala upande huo huo wa barabara kuu au kuingia mjini. Nashauri mkae karibu na barabara kuu. Kosta za Tunduma zinapita hapo hapo, na siku ya kuondoka hamtahangaika na foleni ya Mwanjelwa.

Gesti muulize swali moja tu la maana: maji ya moto yanatoka bombani, au mnaletewa kwenye ndoo? Juni na Julai Mbeya baridi inakata mifupa. Reli hii inafika kimo chake cha juu kabisa hapa Uyole, mita 1,789, na asubuhi mtaelewa kwa nini. Sweta la mtoto liwe juu kwenye begi, maana mnatoka Dar mkiwa mmevaa fulana.

Kwa usiku 3, hivi ndivyo ningepanga:

Siku mnayofika msiende popote. Ogeni, fueni, kuleni ndizi za Rungwe na parachichi, laleni.

Siku ya kwanza kamili nendeni upande wa Tukuyu. Magari yanatokea stendi ya Nane Nane. Daraja la Mungu liko kwenye mto Kiwira: ni mwamba uliojijenga juu ya maji kama daraja, mtoto atalipenda. Liko karibu na chuo cha Magereza, kwa hiyo kamera itulie mpaka muulize. Ziwa Ngosi nalo liko barabara hiyo hiyo, ziwa la kreta lililozungukwa na msitu, lakini ni kupanda kwa miguu msituni zaidi ya saa moja na mwisho pana mwinuko mkali. Mvua ikiwa imenyesha usiku, liacheni. Udongo wake unateleza kama sabuni, na kushuka ndiko kubaya kuliko kupanda. Msiweke vyote viwili siku moja.

Siku ya pili kimondo cha Mbozi, kijiji cha Ndolezi. Ni bonge la chuma mchanganyiko na nikeli, urefu kama mita 3, uzito unaokadiriwa tani 16. Kiko upande wa Tunduma, mnachepuka kutoka barabara kuu kabla ya Vwawa. Sehemu ya mwisho mnachukua bodaboda au gari la kukodi. Kukitazama ni dakika 30, msitegemee kukaa mchana kutwa.

Siku ya treni kaeni tu. Treni ya saa 7 mchana inaweza kufika saa 7 mchana, na inaweza kufika saa 4 usiku. Ombeni gesti wawaruhusu kubaki na chumba mpaka jioni, mlipe nusu, ni nafuu kuliko kukaa na mabegi kwenye benchi la stesheni.

---

Msafiri wa Kiwalani

Wakuu mmenifungua macho. Hilo la kuhesabu pengo sikuwa nimelifikiria kabisa. Basi tunaelekea Mbeya, kwa treni ya Jumanne ili tukae usiku 3.

Bado nina maswali. Tiketi hamjanijibu. Na je, tukiondoka na ya Jumanne badala ya ekspresi tunapoteza nini? Mke anauliza pia kama tutalala chumba kimoja, maana kasikia wanaume na wanawake wanatenganishwa.

---

Dirisha la Tiketi

Najibu la tiketi na vyumba.

Kata mbili: Dar–Mbeya na Mbeya–New Kapiri Mposhi. Tiketi ya treni hii inabeba tarehe, behewa na namba ya kitanda. Ukishuka Mbeya, kitanda chako kinaendelea mpaka Kapiri bila wewe, na treni ya Jumamosi ina watu wake tayari. Kukata moja ya safari nzima halafu kumbembeleza mkagua tiketi wa treni nyingine ni kujitafutia maneno.

Ugumu uko kwenye tiketi ya pili. Treni inatoka Dar na abiria wake, na vitanda vinavyobaki kwa wanaopandia njiani ni vichache. Kwa hiyo Dar muulize kama wanaweza kuwakatia kipande cha Mbeya–Kapiri cha tarehe ile. Wasipoweza, mkishuka Mbeya msitoke stesheni kabla ya kupita dirishani. Baba asimame na pasipoti zote tatu, mama na mtoto wakae na mizigo. Ukisema "nitarudi kesho", kesho utaambiwa vimebaki viti.

Stesheni ya Dar mnaijua: ile kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, pale flaiova ya Mfugale. Nasema hivi kwa sababu siku hizi madereva wa bajaji wakisikia "stesheni ya treni" wanakupeleka kwenye SGR, ile reli mpya ya kisasa. SGR haiendi Mbeya.

Vyumba: daraja la kwanza vitanda 4, daraja la pili vitanda 6. Ni kweli, wanaume na wanawake hutenganishwa, isipokuwa mkinunua chumba kizima. Nyie ni watatu. Nunueni vitanda vyote 4 vya daraja la kwanza, huyo wa nne awe begi. Mkilipa vitatu tu, baba atapelekwa kulala na wanaume, na mama na mtoto watakaa na wanawake wawili wasiowajua. Uliza nauli ya mtoto ila usiishangilie sana: kwenye chumba kinachohesabiwa ni kitanda, si kichwa.

Ukifika, kagua vitu vinne kabla treni haijaondoka, fundi akiwa bado yupo: komeo la mlango kwa ndani, dirisha linafunga, taa inawaka, feni inazunguka. Dirisha likiwa linateleza lenyewe, likatie kijiti kinachoingia sawasawa kwenye mfereji wake, ulibane usiku. Vituoni usiku ndiko simu zinakochomolewa kwa mkono kutoka nje.

---

Behewa la Sita

Kuhusu Jumanne na ekspresi: kwa mwenye mtoto, ya Jumanne ina faida moja kubwa. Ratiba ya zamani inaiondoa saa 7:50 mchana, ekspresi saa 9:50. Tofauti ni saa mbili tu, lakini ndizo zinazoamua kama mtapita Hifadhi ya Nyerere kuna mwanga au giza. Ya Jumanne ikitoka kwa wakati, mnapita kule alasiri kuelekea magharibi, saa ambayo wanyama wanatoka. Twiga, pundamilia, ngiri, nyumbu, na tembo mkijaliwa. Ni hifadhi ya bure, mmeshalipa nauli. Mtoto akae dirishani kuanzia saa 10, na kamwe asitoe kichwa nje. Matawi yako karibu na behewa kuliko mnavyodhani.

Hasara yake ni kusimama sana. Ya kawaida inasimama vituo vingi, na ikikutana na treni ya mizigo kwenye njia moja, mmoja anasubiri pembeni. Usiipangie kitu cha lazima siku ya kufika.

Kipande kizuri kuliko vyote ni Mlimba hadi Makambako. Ni kilomita kama 158, mahandaki 18, madaraja 46, na daraja la mto Mpanga limesimama mita 50 juu ya maji kwa nguzo tatu. Wachina na wenyeji walijenga reli nzima kati ya 1970 na 1975, na sehemu hii ndiyo iliyowatoa jasho: unatoka bondeni kwenye mpunga unapanda mpaka nyanda za juu kwenye chai. Kwa bahati mbaya ratiba inaipitisha usiku. Hapa ndipo kuchelewa kunapogeuka kuwa zawadi. Treni iliyochelewa saa tano inawapitisha Mpanga kumekucha. Mkiamka alfajiri mkasikia masikio yanaziba na mlio wa gurudumu unabadilika ghafla kuwa mzito, ni handaki. Toeni shuka usoni mtazame.

---

Nakonde kwa Mguu

Mpakani sasa, na upande wa Zambia.

Mkiwa ndani ya treni hamshuki. Tunduma maofisa wa uhamiaji wa Tanzania wanapanda, wanagonga muhuri wa kutoka. Treni inasogea Nakonde, wa Zambia wanapanda, wanagonga wa kuingia. Mtanzania hahitaji visa ya Zambia. Pasipoti ziwe mkononi na si chini ya kitanda, ziwe na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kadi ya njano ya chanjo bebeni. Hesabuni mihuri: kila pasipoti miwili, mmoja wa kila nchi. Mtu aliyekuwa chooni au aliyelala muhuri ukamruka ndiye anayepata taabu siku ya kurudi, na kumtafuta ofisa baada ya treni kuondoka haiwezekani.

Fedha. Wabadilishaji wanapanda pamoja na wachuuzi, na haraka yao ndiyo silaha yao. Angalia kiwango kwenye simu ukiwa Mbeya, kiandike kwenye karatasi, piga hesabu yako mwenyewe, hesabu noti zao kabla ya kutoa zako. Noti yoyote ya kwacha yenye maelfu (10,000, 20,000, 50,000) ni ya kabla ya 2013. Januari mwaka ule kwacha ilikatwa sifuri tatu, na hizo noti ni karatasi tu leo. Mwaka 2025 Benki ya Zambia ikatoa tena noti mpya, zikiwemo za 200 na 500, kwa hiyo sura ngeni peke yake si dalili ya wizi. Tazama tarakimu. Badilisha za chakula na za basi la Kapiri tu, nyingine mtazipata Lusaka.

Kuhusu Kasama uliyoiweka mwanzo: siyo mbaya, maporomoko ya Chishimba yako kama kilomita 35, matatu kwa mfuatano. Lakini treni zote zinaingia huko usiku, barabara kuu haipiti hapo, na pengo la siku ni lile lile. Mpika reli inakutana na barabara kuu, ila stesheni iko mbali na mji, na mnashuka usiku wa manane. Serenje mnaingia karibu na alfajiri. Ningeitaja kwa mtu mmoja tu: anayesafiri Novemba na anataka kwenda hifadhi ya Kasanka, ambako popo wa matunda kwa mamilioni hujaza anga jioni kati ya mwishoni mwa Oktoba na Desemba. Msipokuwa msimu huo, laleni Mbeya.

Na mkiwa Mbeya mkaambiwa treni ya Jumamosi haiji, msikae kuisubiri ya wiki inayofuata. Kosta mpaka Tunduma ni kama kilomita 100, ila foleni ya malori inaweza kula mchana mzima, ondokeni alfajiri. Mpaka mnauvuka kwa miguu. Kituo ni cha pamoja, kwa hiyo taratibu za nchi zote mbili mnazimalizia upande wa Nakonde. Toka Nakonde mpaka Lusaka ni kama kilomita 1,000 kwa basi. Msiunganishe moja kwa moja na mtoto. Laleni Mpika, ambapo mabasi yote yanapita, mkaendelee kesho yake. Hapo ndipo mtakapomshukuru Behewa la Sita kwa ule ushauri wa reli na barabara.

---

Mtoto wa Uyole

Nakonde kwa Mguu kasahau saa! Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Saa 12 jioni ya Tunduma ni saa 11 jioni ya Nakonde, hatua chache tu mbele. Ratiba za vituo vya Zambia zinaandikwa kwa saa ya Zambia. Halafu wao hawahesabu kama sisi: "seven" yao ni saa 1 yetu. Mkiambiwa basi Kapiri linaondoka "ten", ni saa 4 asubuhi, msije mkaenda saa 10 alasiri.

Jingine, maji. Kutoka Mbeya mpaka Kapiri bebeni lita 10 za kunywa kwa watu watatu, na chupa mbili kubwa za maji ya bomba kwa ajili ya choo, maana tangi la behewa likiisha linaisha. Karatasi ya chooni na sabuni yenu. Behewa la chakula lina wali, ugali, kuku na samaki, ila agizeni mapema. Upande wa pili ugali unaitwa nshima na ni mlaini zaidi. Kuanzia Novemba wachuuzi wa huko Mpika huuza viwavi waliokaushwa. Mtoto akitaka kuonja muacheni, vina protini kuliko biskuti.

---

Msafiri wa Kiwalani

Nimeandika yote kwenye daftari. Swali la mwisho kabisa: tukifika Kapiri usiku?

---

Nakonde kwa Mguu

Kwa ratiba treni ya kutoka Mbeya Jumamosi inaingia Jumapili asubuhi. Ikichelewa ndiyo inaangukia jioni au usiku.

Kituo kinaitwa New Kapiri Mposhi, ni mwisho wa reli ya TAZARA. Stesheni ya reli ya Zambia ni nyingine, iko kando, umbali kama kilomita 2. Msitegemee kuvuka jukwaa mkaingia treni ya Lusaka. Mabasi ya Lusaka, kilomita kama 200, saa tatu hivi, huwa yanasubiri nje treni ikiingia mchana. Milangoni mtazongwa na vijana wanaonyakua mabegi kuyapeleka kwenye basi lao. Mama amshike mtoto, baba ashike mabegi, pasipoti na simu ziwe ndani ya nguo. Mnachagua basi wenyewe, na nauli mnalipa mkiwa mmekaa.

Ikiwa giza limeingia, bakini ndani ya jengo la stesheni pamoja na abiria wengine mpaka kuche. Mkiona lazima mlale kitandani, mwombeni mlinzi au mfanyakazi wa stesheni awaitie teksi inayojulikana ifike mlangoni. Msitoke na mabegi kwa miguu kutafuta gesti.

---

Dirisha la Tiketi

Na kabla hujalipa chochote, Jumatatu asubuhi pitia pale Nyerere na Mandela uhakikishe ya Jumanne inaondoka, na umuulize huyo huyo wa dirishani kuhusu ya Ijumaa. Ya Jumanne ikiwepo na ya Ijumaa haipo, kata ya Dar–Mbeya peke yake, safari iliyobaki mmalizie kwa basi kupitia Mpika.

---

Msafiri wa Kiwalani

Sawa mkuu. Jumatatu saa 2 asubuhi nitakuwa pale, nitarudi kuandika hapa siku walizonipa.